Mguu wa Baba Yake

Mume wangu Mshamu ana miguu bapa na ulimi mzito, na katika hayo mawili sijui lipi limenitesa zaidi. Mguu nimeutafutia dawa nikaipata. Ulimi, mpaka leo sijaona hospitali inayoutibu.

Nianze na mguu. Watu wengi wakikanyaga maji halafu wakakanyaga sakafu, wanaacha alama ya kisigino, alama ya vidole, na ukanda mwembamba wa kuunganisha. Upande wa ndani panabaki pakavu. Mshamu akikanyaga unaona ubao mzima, hakuna pakavu. Kijijini kwetu, huku barabara ya vumbi inapoiacha Kibiti na kushuka bondeni, kila mtu anaujua unyayo huo. Akienda dukani inajulikana, akienda kisimani inajulikana. Naambiwa ujanani mabinti walimkataa kwa sababu hakuweza kupita kwao kwa siri. Mimi nilimkubali kwa sababu hiyo hiyo. Nilijiambia kwamba mwanamume ambaye ardhi yenyewe inamsemea hatanipa shida.

Na lazima nieleze habari ya kusoma ardhi, maana bila hiyo hamtauelewa upuuzi ulionipata. Huku kwetu mtu akiamka hatazami mbingu, anatazama chini. Ni mazoea ya tangu enzi za simba, na hata sasa nguruwe na viboko hawajaacha kupita mashambani. Ua unafagiwa jioni kabla ya Magharibi, mistari ya ufagio inabaki mchangani, na asubuhi unatoka unasoma nani kapita. Mama mkwe wangu, Bi Mwanawetu, ndiye bingwa wa kazi hiyo. Nyumba yake na yangu zinatazamana, ua ni mmoja, na ufagio ni wake. Akishaswali Alfajiri anatoka na kanga kichwani, mikono nyuma, anaukagua ua polepole. "Kuku wa Hadija kaja tena." "Hemedy kapita, na anachechemea." Hakosei. Ndiyo maana siku aliyokosea ikawa balaa.

Basi miaka mitatu iliyopita mguu wa kulia wa Mshamu ukaanza kuuma. Palipouma ni upande wa ndani, chini ya kifundo, na kila akitoka shamba palikuwa pamevimba. Nikamwambia twende hospitali. Akasema ni uchovu tu. Akapaka mafuta ya nazi, akafunga majani, akaenda kwa mchuaji akavutwa mguu mpaka kelele zikasikika barabarani. Nikamwambia tena hospitali. Akasema tusubiri mvua ziishe. Mvua zikaisha, akasema tumalize palizi. Palizi ikaisha, akasema mguu umepoa, na huku anakwenda chooni kwa kushika ukuta. Mtu anaumwa mguu, anakaa ananisimulia habari za mvua! Nilichoka mpaka nikawa nazungumza na sufuria.

Sababu yenyewe aliitoa siku moja akiwa ametazama pembeni. "Mama atasemaje?"

Hapo nilimwelewa, maana mama alikuwa na lake la kusema, na kijiji kizima kinalijua. Zamani hizo mumewe, marehemu Mzee Amri, alikwenda Ngarambe kutafuta kibarua, akakawia. Aliporudi alimkuta mkewe ana mimba kubwa. Watu wakahesabu miezi kwa vidole, kila mtu akapata hesabu yake, na wengi hesabu yao iliangukia kwa fundi mmoja wa mitumbwi aliyekuwa akipita pita. Mama wa watu alikalishwa kwenye mkeka, akaulizwa maswali ya aibu, akarudishwa kwao. Mtoto akazaliwa huko huko, ndiye Mshamu. Ilipofika siku ya kutembea, akatembea kwenye tope la mafuriko yaliyokuwa yanapungua, na bibi yake mzaa baba, aliyekuwa amekwenda kumwona, akatazama chini. Unyayo bapa! Mzee Amri alikuwa na unyayo bapa, na baba yake vile vile. Bibi akapiga vigelegele, akawaita watu waje waone. Kesi ikaishia pale pale kwenye tope, na Bi Mwanawetu akarudishwa kwa mumewe kwa heshima.

Sasa mwanamke wa namna hiyo utamwambiaje kwamba mguu wa mwanawe unapelekwa kutibiwa? Kwake ule si mguu. Ni shahidi wake.

Lakini mimi ndiye niliyekuwa nalala na mguu ule unaounguruma. Siku moja nikamdanganya mama kwamba tunakwenda Kibiti kumwona mgonjwa. Si uongo mkubwa, mgonjwa tulikuwa naye. Nikambeba mwanangu Ashura, aliyekuwa na miaka mitatu, nikamsukuma Mshamu mbele yangu mpaka hospitali kama mtu anayepeleka mbuzi mnadani.

Tulipelekwa kwa dada mmoja wa mazoezi ya viungo, jina lake Zuhra, sauti yake ya mtu asiye na muda wa kupoteza. Akamwambia Mshamu avue kandambili. Akazigeuza, akazitazama, zimeliwa zote upande wa ndani. Akamsimamisha, akamtazama kwa nyuma, kifundo kimeinama kwa ndani kama nguzo iliyolegea. Kisha akamwambia, "Simama kwa vidole."

Mshamu akashika ukuta, akainuka. Na hapo nikaona jambo ambalo sikuwahi kuliona tangu nimeolewa. Chini ya mguu wa mume wangu pakatokea upinde. Akishuka unapotea, akiinuka unarudi.

"Umeona?" akasema Zuhra. "Mguu wako unakunjika vizuri, haukukakamaa. Huu hatuupasui. Na mguu bapa wenyewe si ugonjwa, kaka. Wako wanaozaliwa nao na kuzeeka nao bila kuumwa hata siku moja. Wasioumwa hatuwagusi. Kinachokuuma weye ni kano hii hapa ya ndani. Imechoka kubeba."

Akatueleza, na mimi nikasikiliza kwa niaba ya watu wawili maana Mshamu alikuwa anatazama dirisha. Apate raba yenye kisigino kigumu kisichobonyea. Ndani yake atie soli iliyoinuka katikati, ya kuushikilia mguu usianguke. Kwenye njia ngumu asitembee peku wala na kandambili. Ukivimba apumzike, auweke juu, aukande kwa kitu cha baridi. Na asubuhi na jioni mazoezi: asimame mbele ya ukuta anyooshe shavu la mguu, kisha ainue visigino polepole na kuvishusha polepole. "Kwenye sakafu ngumu," akasisitiza. "Si kwenye mchanga, si kwenye tope. Na si wiki moja ukaacha. Ni kazi ya miezi."

"Mguu utabadilika?" Mshamu akauliza. Swali lake la kwanza siku ile.

"Soli haibadilishi mguu. Inausaidia tu. Ukivua kiatu, mguu ni ule ule."

Nilimwona anashusha pumzi. Nikamshusha Ashura sakafuni, nikasema, "Na huyu naye mtazame, dada. Kachukua mguu wa baba yake."

Zuhra akacheka kwa mara ya kwanza. "Ana miaka mingapi? Mitatu? Mama, watoto wadogo karibu wote wako hivi. Miguu yao ina mafuta chini na viungo bado laini. Upinde unakuja wanavyokua, wengine wakifika umri wa shule, wengine baadaye kidogo. Niletee mtoto yeyote wa jirani anayejifunza kutembea, mkanyagishe, utaona ubao. Kwa mguu wa leo huwezi kujua kachukua wa nani."

Mimi na Mshamu tukatazamana. Halafu tukaacha kutazamana. Njia nzima ya kurudi kila mtu anamwona mtoto mmoja mdogo wa zamani akikanyaga tope, na bibi anapiga vigelegele. Tulipokaribia nyumbani, raba mpya na soli zake zikiwa kirobani, Mshamu akasema, "Usimwambie mama."

"Nisimwambie lipi? La raba au lile lingine?"

"Lolote."

Nikakubali. Lile lingine nililikubali kwa moyo mmoja. La raba nililikubali kwa kinyongo, na nilimwambia wazi kwamba hili la kuficha viatu kama pombe litatuletea aibu. Akasema atamwambia mama mwenyewe. Lini? Baada ya mavuno.

Basi mpunga ukaanza kukomaa, na ndege nao wakaja. Mshamu akahamia bondeni kuamia ndege, anakaa juu ya dungu, kile kibanda cha nguzo ndefu, anapiga kelele na kurusha mabonge ya udongo tangu alfajiri mpaka jua kuzama. Mimi nilibaki nyumbani na mtoto na mama. Sasa fikirini: dungu sakafu yake ni fito, na chini ya dungu ni tope. Mtu huyo atainulia wapi visigino? Nilidhani ataacha mazoezi. Nilimdharau. Kumbe mguu ulikuwa umeanza kupata nafuu na yeye ameonja, akawa hataki kuacha. Akawa anatoka bondeni kabla ya adhana, anatembea peku kwenye tope, akifika njia ngumu ananawa miguu, anavaa raba zake, anakuja nyumbani kushika ukuta wangu na kuinua visigino kwenye sementi yangu. Mama akiwa kwenye swala, yeye anatoka mbio anarudi kwa ndege wake.

"Mwambie mama," nikamwambia kila alipokuja.

"Baada ya mavuno," akanijibu kila alipoondoka, na huku anatembea wima na raba zake, anaukanyaga ua uliofagiwa mistari mizuri.

Mimi nilikuwa nafuta. Kila akitoka, nachukua ufagio nazifuta nyayo. Lakini Ashura akapata homa, nikakesha naye, na alfajiri moja usingizi ukanichukua. Nilipoamka jua limetoka. Nikafungua mlango nikakuta masufuria. Sufuria kubwa la harusi, sufuria la wali, beseni la kufulia, na bakuli la plastiki, vyote vimefudikizwa chini, vimepangwa safu kutoka kwenye kipenyo cha ua mpaka mlangoni kwangu. Nikadhani mama kaanika vyombo.

"Usiguse," akasema. Alikuwa amekaa kizingitini kwake, ufagio mapajani.

"Kunani, mama?"

Akasimama, akaja, akafunua sufuria la wali taratibu. Chini yake kulikuwa na alama ya raba, meno yote ya soli yanaonekana. "Nani huyu?"

"Mama, muulize mwanao."

"Mwanangu yuko bondeni. Na mwanangu miye simfahamu kwa leo wala jana. Mshamu akivaa kiatu kinalala ndani. Tazama hiki." Akachuchumaa, akaonyesha kwa kijiti. "Kimesimama. Kisigino kimesimama, ubavu umesimama. Huyu ni mtu mwingine, Mama Ashura. Kaingia kwako kabla hakujakucha, na katoka."

Hebu niambieni, mtu utajibu nini? Nilihangaika mwaka mzima mguu usimame, mguu umesimama, na kwa kusimama kwake mimi ni mzinzi. Nilitaka kucheka na nilitaka kuvunja kitu. Ningeweza kusema pale pale, lakini nilikuwa nimeahidi. Tena niliwaza, mpumbavu mimi, kwamba Mshamu akiitwa atasema kwa neno moja tu na tutayamaliza. Nikasema, "Mshamu akija atakwambia."

"Atakuja," akasema mama. "Na baba yake mdogo atakuja."

Kabla ya adhuhuri tulikuwa kwenye mkeka ukumbini kwa mama. Baba mdogo Hemedy, mdogo wa marehemu Mzee Amri, ndiye aliyeshika nafasi ya mkubwa wa ukoo. Ni mtu wa haki, lakini haki yake inatembea polepole na kwa maneno mengi. Hadija jirani alikuwa upande wa pili wa uzio anatwanga kinu ambacho nina hakika hakikuwa na kitu ndani. Nami nilijua kinachopimwa pale. Wakiniona mkosaji narudishwa kwetu Mbwara, na mwanangu anabaki.

Mshamu akaja peku, tope mpaka magotini, kiroba kimebanwa kwapani. Nilijua kilichomo. Nikamtazama, nikasema moyoni, alhamdulillahi, amekuja nazo. Akasalimia, akatafuta pa kukaa, akaweka kiroba chini, akakikalia.

Akakikalia!

Baba mdogo akasafisha koo. "Mshamu, mwanetu. Tumekuta kiatu cha mwanamume kimeingia kwako na kutoka. Mkeo anasema jibu unalo weye. Haya, tunakusikiliza."

Kinu cha Hadija kikanyamaza. Mshamu akatazama miguu yake. Nikamtazama yeye. Mama akamtazama. Muda ukapita ambao ningeweza kupika chai nikainywa.

"Nitazungumza na mke wangu mwenyewe, ndani," akasema hatimaye.

Nadhani hakuna mwanaume aliyewahi kusema neno baya kuliko hilo bila kukusudia. Mama akafunika uso kwa kanga. Baba mdogo akatikisa kichwa kwa huzuni, na ile huzuni ilikuwa yangu, alikuwa ananizika. Damu ikanipanda. Nikanyanyuka, nikamshika mume wangu bega, nikamsukuma akaanguka ubavu, nikavuta kiroba, nikakikung'uta mbele ya wakubwa. Raba mbili zikaanguka kwenye mkeka, na soli zake za ndani zikachomoka.

"Vaa," nikamwambia. "Vaa, Baba Ashura, au wallahi leo nitakuvisha mimi kichwani."

Akavaa. Nikamtoa uani, nikamwambia apite pembeni ya masufuria. Akapita. Baba mdogo akafunua vyombo kimoja kimoja, akainama, akalinganisha, akainuka na mkono kiunoni. "Ndiyo yenyewe," akasema.

"Ni miye," Mshamu akasema wakati huo, kila mtu akiwa ameshajua. "Nilikuwa nakuja kufanya mazoezi. Mguu unauma, mama. Nilikwenda hospitali."

Nilitegemea mama afurahi. Alikaa chini pale pale mchangani. "Umekwenda kuuondoa mguu wa baba yako," akasema. Hakuwa na hasira. Sauti yake ilikuwa ndogo, na mimi, na hasira zangu zote, nikamwonea huruma. "Watu walinivua nguo kwa maneno, Mshamu. Mguu huo ndio ulionivisha."

"Haukuondoka, mama," nikasema. "Ni kiatu tu kinaushikilia. Baba Ashura, vua."

Akavua, akaukanyaga mchanga. Ubao mzima, hakuna pakavu. Mama akaweka kiganja juu ya unyayo ule akakiacha hapo, na mabega yake yakashuka.

Mngedhani imekwisha. Mimi nilidhani. Lakini baba mdogo Hemedy ana tabia ya kufikiri mambo yakishaisha. "Sisi humu tumeelewa," akasema. "Ila maneno yameshatoka." Akatupa jicho kwenye uzio, na uzio ukakohoa. "Watu hawatakuja kupima raba. Watasema Mshamu kamfunika mkewe, kanunua kiatu kinachofanana. Raba hizi Kibiti zimejaa. Na wakianza hawaishii kwenye kiatu, wataanza kumtazama na mtoto. Naona mkwe wetu Hajira aende kwao Mbwara, muda kidogo, mpaka yapoe."

Nani asiyejua huo muda kidogo? Wanawake wangapi wamekwenda kwao muda kidogo na mpaka leo wako huko. Nikamtazama Mshamu aseme kitu. Mshamu alikuwa anafunga kamba za raba ambazo hakuwa amezivaa.

Aliyesema ni mama. "Mtoto?" akasema. "Nani atamtazama mtoto?"

"Watu, shemeji. Unawajua watu."

"Nawajua." Akasimama. Sikuwahi kumwona amesimama haraka vile. Akaingia kwangu bila hodi, akatoka na Ashura mikononi, mtoto bado ana usingizi wa homa. Akamtumbukiza miguu kwenye beseni la maji, akachukua ufagio, akapafagia mahali pamoja pembeni ya unyayo wa Mshamu, akamsimamisha mtoto hapo kwa nguvu za wastani, akamwinua.

Unyayo mdogo, bapa, kando ya unyayo mkubwa, bapa.

"Hadija!" mama akapaza sauti. "Acha kutwanga hewa, njoo! Njoo na wenzio!" Wakaja, kwa haraka ya watu waliokuwa tayari wamevaa kandambili. Mama akawasimamisha safu. "Tazameni. Huyu ni Mshamu. Huyu ni mwanawe. Mguu wa Amri huo, wa baba yake na babu yake. Kuna mwenye neno?" Hadija mwenyewe akapiga kigelegele, kidogo, cha adabu. Kisha mama akanigeukia mbele yao wote, akanishika mkono. "Nisamehe, mwanangu. Mkeka ule ulioukalia leo, miye niliukalia kabla yako. Nilipaswa kukumbuka."

Machozi yalinitoka. Yalikuwa ya kweli, lakini sauti ya yule dada wa hospitali ilikuwa inanipigia kelele masikioni. Karibu wote wako hivi. Mtoto yeyote wa jirani. Mjukuu wa Hadija alikuwa mgongoni kwa Hadija pale pale, miguu yake imening'inia, minene na bapa kama maandazi, na hakuna hata mmoja aliyeitazama. Nilisema tu, "Nimekusamehe, mama."

Na ndipo mume wangu, ambaye nilimsubiri aongee asubuhi nzima, ambaye angeweza kuniokoa kwa neno moja akakalia kiroba, akainua kichwa na kufungua kinywa.

"Lakini mama," akasema, "kule hospitali walituambia watoto wote..."

Nikamkanyaga. Nilimkanyaga kwa kisigino na kwa uzito wangu wote, mguu wa kulia, upande wa ndani, pale pale kwenye kano. Akapiga ukelele uliorusha njiwa.

"Kinamuuma nini?" mama akauliza.

"Ni ile kano, mama. Imechoka."

Siku hizi Mshamu anavaa raba zake mchana kweupe. Mama mwenyewe humkumbusha visigino, anamhesabia akiwa kibarazani, na akimaliza anamwamuru avue akanyage mchanga, kuhakikisha. Mguu hauumi kama zamani. Kijijini wamelisahau la kiatu, na mtu akitaja jina langu analitaja kwa wema. Ashura amekua, mwakani anaanza shule, na kila asubuhi bibi yake anatembea nyuma yake uani anatazama chini, anatabasamu.

Juzi nilimwogesha. Akaniponyoka kutoka beseni, akakimbia na maji yake kwenye sementi ya ukumbi akicheka, akaacha nyayo mpaka mlangoni. Nikazitazama. Kisigino, vidole, ukanda wa katikati. Na upande wa ndani, kwenye kila unyayo, kulikuwa na kijisehemu kikavu, chembamba.

Nilisikia mlango wa mama unafunguliwa. Nikapiga magoti, nikavua kanga kichwani, nikaanza kufuta sakafu.